Mguu Uliokandwa na Kisiwa Kizima

Kama umeteguka kifundo cha mguu, ukapigwa picha ya mifupa, ukaambiwa mfupa mzima, ukarudi nyumbani, na misimu imepita na bado ukikanyaga kijiwe mguu unakukana, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Udaktari siujui na sitajifanya naujua. Nasema yaliyonipata mimi, Somoe wa kisiwa cha Juani, mwanamke wa pweza, mwenye kisomo cha kuungaunga. Sasa mguu unanibeba. Usingenibeba nisingeandika, ningekuwa bado nimekaa kitandani nawasumbua watu.

Nilianguka kwa furaha, hilo ulijue mwanzo. Mwambani nimetembea tangu sijajua kufunga kanga, juu ya mawe makali na majani yanayoteleza kama kamasi, na sikuwahi kuanguka kwa kuumia. Nilikuja kuangushwa na ngazi ya shule, huko kisiwa kikubwa, siku ya mahafali ya mjukuu wangu Rukia alipomaliza kidato cha nne. Waliita jina lake la zawadi ya hesabu, nikapiga kigelegele nimekaa. Wakaita jina lake tena, zawadi ya nidhamu. Hapo nikasema kukaa nimekaa vya kutosha. Nikainuka na kanga yangu mpya mkononi nikamfunike mtoto mabegani mbele ya wazazi wote, hasa wale waliokuja na magari. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Ngazi ilikuwa ya saruji laini, na miguuni nina ndala mpya. Mguu wa kulia ukajikunja kwa ndani, nikasikia kitu kimelia kama kijiti kibichi kinapovunjwa, nikaketi chini bila kupenda. Kigelegele nilichokuwa nimeanza nilikimaliza nikiwa pale pale chini. Rukia anasema watu walidhani ni mtindo.

Kabla hatujatoka pale shuleni kifundo kilikuwa kimejaa kama andazi. Mwanangu Hamisi, baba yake Rukia, alinibeba mgongoni hadi kwenye gari, tukaenda hospitali ya Kilindoni. Wakapiga eksirei. Wakasema mfupa mzima. Wakanifunga bandeji, wakanipa vidonge na magongo, wakaniambia nipumzike na mguu niuweke juu ya mto.

Nikapumzika. Lakini nikueleze kupumzika kwetu kukoje. Kwetu mgonjwa wa mguu aliyepumzika ni yule anayekandwa. Hakuna mtu hata mmoja katika nyumba yangu aliyeona ugomvi kati ya maneno ya daktari na beseni la maji ya moto. Mtu amelala chali, mguu uko juu ya mapaja ya mwenziwe, anapakwa mafuta ya nazi yenye uvuguvugu, anapigiwa soga za mtaani. Kama huko si kupumzika, basi sijui kupumzika ni nini. Na ile habari kwamba mfupa mzima ndiyo iliyoharibu kabisa, maana watu waliipokea kama ruhusa. Hakuna kilichovunjika, kwa hiyo kamua.

Walikuja. Juani mtu akiumia hatuji kumtazama kama tunatazama televisheni, tunakuja na mikono. Mmoja alikuja na chumvi ya mawe, akaitia kwenye maji yanayofuka moshi. Mwingine alikuja na mafuta ya nyonyo. Alikuja pia mzee mmoja hodari wa kunyoosha viungo, akaukamata mguu kisiginoni akauvuta na kuuzungusha urudi mahali pake, nami nikamtukania babu yake, akacheka akasema ukali huo ni dalili njema. Wengine walikuwa hawajamaliza salamu, mguu wameshaushika. Ukimwambia mtu acha, umemwambia mapenzi yako siyataki.

Siku hizo hizo akaja Tatu.

Tatu ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Tulikuwa tukishuka mwambani pamoja tangu ubichi wetu, kikapu kimoja, maneno mengi. Halafu mume wangu akafariki, na nikiwa ndani ya eda, sitoki, nikaletewa habari kwamba Tatu amechukua pweza kwenye pango langu. Kwa asiyejua mambo ya mwambani hilo ni jambo dogo. Pweza anakaa kwenye tundu la jiwe, nasi tunaliita pango. Ukimtoa huyo, baada ya muda anahamia mwingine. Kwa hiyo mwanamke anayejua mapango yake ana mali, na wenzake wakijua kwamba hili ni la fulani wanalipita. Haijaandikwa popote, ni heshima tu. Mapango yangu aliniachia mama yangu. Na Tatu akaingiza mkono wake wakati mimi nimejifungia na msiba wa kaka yake. Nilipotoka eda sikumgombeza. Nilimnunia. Miaka ikaenda, salamu tunapeana kwa ajili ya watu, hodi hatupigiani.

Sasa akaingia, hakusema hata pole. Akaketi mkekani, akauinua mguu wangu akauweka mapajani kwake, akajipaka mafuta viganjani. Mikono ya Tatu ni mikono ya kupondea makumbi ya kamba, ina nguvu kama koleo. Akaanza kuuchua taratibu kutoka kwenye vidole kwenda juu. Mimi nikatazama dari. Alipomaliza akasema, “Kesho nitakuja mapema.” Akaja mapema. Akaja kila siku. Kwa njia hiyo, bila mtu kuomba radhi na bila mtu kusamehe, nikampata wifi yangu tena, kwa sababu ya kifundo kilichovimba. Mwenzangu unayesoma, usinicheke nikikwambia kuna siku nilishukuru ile ngazi.

Ila mguu haukupona. Vuli ikapita, kaskazi ikaingia. Akimaliza kuuchua najisikia mwepesi, jioni unavimba tena, na Tatu anasema uvimbe ukitoka ndivyo unavyotoka, kesho atakaza zaidi. Rangi ya kifundo ilitoka kwenye zambarau ikaja kijani, ikaja manjano kama embe bovu, kisha ngozi ikabaki na weusi usioondoka. Muundi wangu, hapa kati ya goti na kifundo, ambao nilikuwa najivunia, maana miundi ya wanawake wa mwambani ni kama milingoti, ulinyauka upande mmoja. Nilipoacha magongo nikajaribu kutembea uani, kifundo kikawa kama mlango wenye bawaba moja. Kwenye sakafu kinatulia, nikikanyaga kokwa ya embe kinalala upande nami nalala nacho. Niliangukia ndoo. Niliangukia kuku aliyeatamia. Mkwe wangu, mke wa Hamisi, alikuwa ananiogesha kama mtoto, hakuwahi kununa, lakini mimi nilikuwa nanuna kwa niaba yake.

Hamisi akachoka. Siku moja aliniambia kwa sauti ya upole, na upole wake ndio ulioniudhi, “Mama, umetulea. Pweza sasa basi. Kaa nyumbani ule.”

Nikamwambia siku atakayoacha bahari yeye ndiyo nitakayoacha mimi. Hatukusemeshana kutwa nzima.

Kwa nini niling'ang'ania? Majibu ya Rukia yalikuwa yametoka. Amefaulu, atapangiwa kidato cha tano bara, ataondoka upepo wa kusi ukishika. Na mwamba wetu ulikuwa unafungwa. Tangu hifadhi ya bahari ilipoingia tumezoea, sehemu ya mwamba hufungwa miezi kadhaa, hakuna kugusa, pweza wakue, kisha hufunguliwa kwenye bamvua, maji yanapotoka mbali kabisa, na siku hiyo wanawake wote hushuka kama wanaokwenda harusini. Wakasema utafunguliwa kusi. Rukia akaja akaketi kando yangu, akaninong'oneza, “Bibi, kabla sijaondoka unionyeshe mapango yako.”

Mtoto wa hesabu na nidhamu, na bado anataka mapango ya bibi yake. Moyo ulinijaa. Lakini pango huwezi kulionyesha kwa maneno. Jiwe ukiliona maji yakiwa magotini si lile utakaloliona yakiwa kwenye kifundo. Lazima mtembee, umshike mkono, uuelekeze mkonjo, ile fimbo yetu ya kuchokolea, uuingize mwenyewe tunduni. Mama yangu alinitembeza. Mkwe wangu anaogopa mwamba, hajawahi kushuka. Nisipotembea mimi kabla Rukia hajapanda boti, mapango yanakufa na mimi. Hicho ndicho kilichonifanya nilie. Maumivu nilikuwa nimeyazoea.

Masika yalipoanza nilianguka mlangoni mbele ya Rukia. Akaniokota, akasema hospitali, na akasema kwa ile sauti ya mwalimu wake mkuu. Hospitali wakanishikashika, wakauliza maswali, wakasema nirudi siku ya ultrasaundi, yupo daktari anayejua kutazama viungo kwa mashine hiyo. Nikadhani wananikejeli. Ultrasaundi ninayoijua mimi ni ya wenye mimba.

Tulikwenda watatu, mimi na Rukia na Tatu. Tatu alisema mguu ule hauendi popote bila yeye. Kwenye boti mpaka Utende alikuwa ameuweka mapajani anauchua, kwenye gari mpaka Kilindoni anauchua, dereva akauliza kama anakanda unga.

Benchi la kungojea lilijaa matumbo. Mimi na kifundo changu tukakaa katikati. Msichana mmoja, tumbo liko mdomoni, alinitazama akaniamkia, kisha akashindwa kujizuia.

“Bibi, na wewe una miezi mingapi?”

“Hesabu ilinipotea, mwanangu. Huyu wangu ameanzia mguuni.”

Benchi zima likacheka, mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Yule msichana akasogea ukutani, akanipisha ncha ya benchi nipate kuunyoosha mguu, akatoa muhogo wa kuchemsha kwenye mfuko akanimegea. Nimesahau mengi ya mwaka ule, ule muhogo sijausahau. Ukiwa kwenye benchi la hospitali, jirani mwema ni nusu ya dawa.

Daktari alikuwa mwanamke wa bara, wa Iringa, msalaba mdogo shingoni, jina lake Neema. “Shikamoo bibi,” akaniambia, akamwamkia na Tatu, nikaitikia marahaba nikiwa nimefurahi kwamba si mwanamume, maana nilikuwa nimejipanga kukataa. Akanilaza, mguu ukaning'inia ukingoni mwa kitanda. Akapaka uji wa baridi. Akasema ataanza na mguu mzima.

Nikamwambia huo hauna kitu. Akasema ndiyo maana anauanza, ili tujue kizima kikoje.

Akaniambia nitazame kwenye kioo. Kulikuwa na ukungu wa kijivu kama televisheni isiyoshika. Akaelekeza kidole, nikaona mstari mmoja mweupe, umenyooka, umekaza kutoka mfupa huu hadi huu, kama mshipi ulioshikwa na samaki mkubwa. Akasema hiyo ndiyo kano inayozuia kifundo kisichomoke. Akauvuta mguu mbele kidogo kwa mkono wake, mstari ukakaza, mifupa haikwenda popote.

Kisha akahamia kwenye mguu wa ngazi. Hapo palikuwa na doa jeusi la maji, na ule mstari ulikuwa umefumuka kama ncha ya kamba iliyokatika, nyuzi chache tu zimeshikilia. Akauvuta mguu mbele vile vile, polepole. Na mimi, Somoe, kwa macho yangu haya, niliona mfupa wangu ukiteleza na pengo likifunguka. Alipoachia, likafumba. Halikuuma sana. Lilitisha. Yote niliyokuwa nikiwaambia watu, kwamba mguu unachomoka, nao wakanitazama kama ninadeka, yalikuwa pale kwenye kioo yanafunguka na kufumba.

Daktari akatazama lile doa jeusi. Akasema jeraha la zamani namna hii halitakiwi kuwa na ubichi huu. Akauliza, “Huu mguu kuna mtu anauchua?”

Rukia akatazama sakafu.

“Mimi,” akasema Tatu.

Alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, macho kwenye kioo. Hakutafuta maneno mengine. Daktari hakumkaripia, Mungu amjaalie kheri. Alimwambia, “Bibi, kila zile nyuzi zinapotaka kushikana zinavutwa tena, zinaachana. Wala si wewe peke yako, nimeona wengi.” Akasema kuanzia leo pasichuliwe, pasivutwe, pasikandwe kwa moto. Mimi nitavaa soksi ya kubana kifundo, nitafanya mazoezi atakayonionyesha, nitarudi atazame tena. Nikamuuliza la mwamba. Akasema tutaona.

Tulirudi Juani. Kwenye boti Tatu aliikalia mikono yake, kweli kabisa, aliiweka chini ya mapaja akaikalia.

Kesho yake hakuja. Kesho kutwa hakuja. Hamisi alitangaza kwa majirani kwamba daktari amekataza mguu kuguswa, nao ni wasikivu, wakatii. Lakini walikuwa hawajui tena waje kufanya nini. Mtu anasimama mlangoni, anasema pole, anatazama mikono yake, anaondoka. Nyumba ikapoa. Nililala pale na soksi yangu mpya nikagundua kwamba mguu wenye watu ulikuwa unauma kidogo kuliko mguu usio na mtu. Hilo daktari hakunieleza. Ndilo ninalokueleza wewe.

Nikachukua magongo, nikajikokota mpaka kwa Tatu. Miaka ile yote sikuwa nimekanyaga uani kwake. Alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Akanitazama, hakuinuka. Nikaketi kwenye kigoda, nikauweka ule mguu wa soksi kando, nikamnyooshea mguu wa kushoto.

“Kanda huu.”

“Huo mzima.”

“Mzima, ndiyo. Tangu mahafali unafanya kazi ya miwili. Umechoka, na hakuna aliyeukumbuka.”

Akaendelea kukuna mpaka kifuu kikaanza kulia. Kisha akanawa mikono, akavuta mkeka, akauchukua mguu.

Habari zikazagaa. Hazikupita siku nyingi majirani wakarudi, na beseni, na mafuta, na umbeya wao mzuri, na wote wakaukanda mguu wa kushoto, wakasema lo, kweli umekakamaa. Mguu ule haujawahi kuwa laini kama mwaka ule. Na Tatu akageuka askari. Alikaa upande wa kulia wangu, na mkono wa mtu ukipotea njia kuelekea kwenye soksi, aliupiga. Yule mzee wa kunyoosha viungo alipokuja, Tatu alimwambia, “Baba, pengo nimeliona kwa macho. Wewe uliona nini?” Mzee akaomba chai.

Sasa mazoezi. Ukipewa, usiyadharau kwa sababu yanafanana na mchezo wa watoto. La kwanza lilikuwa kuandika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, kuanzia a mpaka mwisho. Rukia alisimamia. Mimi herufi zangu nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, nyingine zimelala upande, na Rukia hakunionea huruma, akasema g hiyo bibi haina mkia, rudia. Tatu hakuwahi kusoma hata siku moja. Alikaa akifuata dole langu kwa macho siku zote za masika, mvua inapiga makuti, mpaka siku moja akasema, “Hiyo umeruka moja.” Na kweli nilikuwa nimeiruka. Baadaye akaniomba niandike jina lake kwa mguu. Nikaandika. Akaliandika mchangani kwa kidole chake cha mkono, akakaa akilitazama mpaka kuku wakalifuta.

La pili lilikuwa kusimama kwa mguu mmoja kama korongo, umeshika mwimo wa mlango, kisha hujashika. Watoto wa njia walikuja kutazama. La tatu lilikuwa kutembea mchangani, pwani ya ndani, palipo laini. Nilianguka tena, nilitukana tena, nilivimba tena. Lakini uvimbe ulianza kuisha asubuhi, na siku moja mkwe wangu alisimama nyuma yangu akasema muundi umerudi kidogo. Nilimwambia aseme tena.

Kusi likaanza kuvuma, tukarudi kwa Daktari Neema. Uji wa baridi, ukungu wa kijivu. Lile doa jeusi lilikuwa limekauka. Mstari ulikuwepo, haukuwa mzuri kama wa kushoto, ulikuwa mnene na una mafundo, kama kamba iliyoungwa na mtu mwenye haraka. Akauvuta mguu mbele. Mfupa ukasogea kidogo, ukakataa. Tatu akapumua kwa sauti hadi daktari akageuka.

Nikauliza la mwamba. Akasema, “Mchanga ndiyo, bibi. Mawe bado.”

Nikamwambia mwamba unafunguliwa bamvua hii, mjukuu anaondoka baada yake. Akasikiliza yote, hakunikatiza. Kisha akasema kamba hiyo ikikatika sasa, haitaungika tena kwa mazoezi. Nililia ndani ya gari wala sikujificha. Rukia akasema haidhuru bibi, atajifunza likizo. Lakini mimi na yeye tunajua umri wangu.

Siku ya kufungua mwamba ilikuwa na upepo na jua kali. Wanawake walijaa pwani, mikonjo mabegani, vicheko mpaka juu. Nilikwenda na soksi yangu na gongo moja. Maji yalikuwa yanatoka, mawe yanachomoza vichwa kimoja kimoja. Nilikuwa nimeshaamua. Nilimvuta Tatu pembeni.

“Wifi, nisikilize vizuri. Utakwenda na Rukia badala yangu. Nitakuelekeza mapango yangu, jitahidi kushika. Ukipita jiwe refu…”

“Ukipita jiwe refu,” akasema Tatu, “la kwanza liko chini ya lile lenye mpasuko, mdomo wake unatazama magofu ya Kua. La pili unaliacha jiwe bapa kushoto, lina mlango wa nyuma, lazima mmoja azibe kwa mguu. Pale kwenye dimbwi la nyasi kuna mawili yaliyopakana.” Akaendelea. Akayataja yote, mpaka lile la mwisho ambalo mama yangu alinionyesha akiwa karibu kufa.

Nikauliza ameyajua tangu lini.

“Tangu tulipokuwa tunashuka pamoja. Nina macho, Somoe.”

“Na hukuyagusa?”

“Nayapita. Kila bamvua nayapita.”

“Na yule mmoja?”

Akakaza kanga kiunoni. Alikuwa anatazama maji, si mimi.

“Yule nilimchukua. Kaka yangu alikuwa hata hajakauka udongo. Kisiwa kizima kilikuwa kwako, na masufuria, na pole. Kwangu hakuna aliyepiga hodi, dada wa maiti nani anamkumbuka. Nikachukua kitu chako ili utoke uje unigombeze. Hukuja. Ukaninunia.”

Upepo ulikuwa unapiga kanga zetu. Wenzetu walikuwa wameshaanza kuingia majini, wanaitana majina. Nikampa mkonjo wangu, ule wa mama. Akaupokea, akamshika Rukia mkono, wakaenda.

Niliwafuata mchangani hadi mchanga ulipoishia, nikasimama, maji yako kwenye soksi. Niliwaona wakifika kwenye mpasuko. Niliona Tatu akiinama, akimwekea Rukia mkono juu ya mkono, mkonjo ukiingia. Niliona Rukia anarukaruka, pweza amemvaa mkono mzima hadi begani, na kelele zake zikanifikia kwa upepo. Nikapiga kigelegele. Safari hii nilikuwa nimeshika gongo.

Walirudi maji yakianza kujaa, kikapu wanakibeba wawili. Rukia alikimbia kwenda kumwonyesha baba yake. Tatu alikuja nyuma, anachechemea, akajitupa mchangani kando yangu, miguu yake imenyooka mbele, imejaa chumvi na michubuko ya mawe. Ilikuwa miguu ya mwanamke mzee. Sikuwahi kuitazama.

Nikaketi vizuri. Nikauvuta mguu wake mmoja nikauweka mapajani mwangu. Akataka kuurudisha, nikaushika.

“Niambie kwanza,” nikasema. “Umeteguka au umechoka tu?”

“Nimechoka tu.”

Nikaanza kukanda.